Vijana wananikatiza nikifundisha

SWALI: Nimelelewa Usukumani, sasa ni mwinjilisti Mbagala. Kwetu mdogo humsubiri mkubwa amalize kusema. Hapa vijana wa kikundi cha Biblia wananidakia maneno, naona dharau. Je, malezi yangu yananipotosha?

JIBU: Si lazima iwe dharau, ndugu. Wengi wamezoea kijiwe, ambako hoja hujibiwa ikiwa bado ya moto.

Wapime hivi: someni Luka 15:11-32, habari ya mwana mpotevu, fungeni Biblia, kisha kila mmoja asimulie upya. Sikiliza nani anaitaja njaa ya mstari wa 14. Aliyewahi kuona ghala tupu haisahau. Wa mjini mara nyingi hung'ang'ania fedha zilizotapanywa. Yote yamo. Wagawe wannewanne, dakika 10, mdogo aanze, wewe useme mwisho. Kinachoharibu ni kiongozi kusahihisha jibu la kwanza. Hapo utabaki kusikia feni tu.

Paulo alizaliwa Tarso, akalelewa Yerusalemu chini ya Gamalieli (Matendo 22:3). Siku aliyokamatwa hekaluni, akiwa kwenye ngazi za ngome, alimsemesha jemadari Kiyunani, kisha akawageukia watu kwa Kiebrania, wakazidi kunyamaza. Malezi mawili, ngazi zilezile.

Kwa hiyo usijilazimishe kuwa mtoto wa mjini (watakucheka). Kusubiri kwenu kuna mahali pake. Msibani, wenzako wakikimbilia kipaza sauti, wewe kaa kwanza mkekani na wafiwa, uulize marehemu aliugua vipi, ndipo ufungue Biblia.