Maswali ya afya: utepe wa fundi haujui kubembeleza

Swali: Nina miaka 41, naishi Makorora, Tanga. Kilo 92, urefu sentimita 165. Mume wangu anasema nimenawiri tu. Nimwamini?

Jibu: Mumeo anakupenda, mama, lakini hesabu haina mapenzi. Gawa kilo 92 kwa urefu wako wa mita 1.65, kisha jibu ligawe tena kwa 1.65: unapata karibu 34. Kwa hesabu hii, jibu kuanzia 25 uzito umezidi; kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Hapo ndipo kisukari, presha, kiharusi, magoti mabovu, hata saratani ya mji wa mimba hupata njia, na mengi ya hayo hayabishi hodi. Kapime sukari na presha wiki hii. Sikuambii urudie umbo la siku ya harusi. Ukishusha kilo tano mpaka tisa tu, presha na sukari huanza kutii. Na mahamri manne ya asubuhi ni chakula, usiniambie hujala.

Swali: Mimi mwembamba, ila nina kitambi. Wenzangu wananiita bosi. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo ni mabaya kuliko ya mapajani. Azima utepe wa fundi cherehani: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwanamume akipita sentimita 102, mwanamke 88, hatari imepanda sana. Na usivute tumbo ndani unapopima.

Swali: Maji ya ndimu yanayeyusha mafuta?

Jibu: Hapana.

Swali: Chai ya kupunguza tumbo inasaidia?

Jibu: Jamani, tena? Nyingi zinaharisha tu. Unapoteza maji, unafurahia mzani siku mbili, ukinywa maji kilo zinarudi. Pakiti isiyosema kilichomo usiitie mdomoni, hasa kama unatumia dawa za presha.

Swali: Kwetu wote wanene. Si ni damu?

Jibu: Damu inachangia, sibishi. Lakini babu zako walikuwa na damu hiyohiyo, na Pongwe walikwenda kwa baiskeli wakarudi kwa baiskeli. Leo mtu wa Ngamiani anatoka barabara ya 4 kwenda ya 12, anaita bodaboda! Akishuka, soda. Chupa ya mililita 350 ina vijiko vya chai vinane au tisa vya sukari, na chai ya jioni bado.

Hili hamkuniuliza: wanene mnaokoroma mpaka jirani anagonga ukuta, kisha mchana mnasinzia dukani, mwambieni daktari. Huenda pumzi inakatika usingizini.