Presha ya oili ikishuka kwenye trekta kuukuu, usikimbilie pampu

Huku kwetu Mbeya mvua zikikaribia, kuanzia mwezi wa kumi hivi, simu ninazopigiwa zinafanana: "Kaka, geji ya oili inalala, ninunue pampu?" Jibu langu ni lilelile, subiri kwanza. Hizi Massey Ferguson 135 na 240, zenye injini ya Perkins ya silinda tatu, nimezishika miaka mingi, na pampu ya oili ni mara chache sana kuikuta ndo mchawi. Mara nyingi ni beringi, na kabla ya beringi ni oili yenyewe au hiyo geji inakudanganya.

Shika hiki kitu kwanza maana mengine yote yanatokea hapo. Pampu kazi yake ni kusukuma oili tu, presha inapatikana kwa sababu oili inabanwa kwenye kanafasi kembamba kati ya krenki, ile shafti nzito inayozungushwa na pistoni, na beringi, vile vibati laini inavyozungukia, kama mpira wa kumwagilia bustani, ukibana mdomo kwa kidole maji yanaruka mbali, ukiachia yanakumwagikia miguuni. Beringi zikilika oili inapita kiulaini, geji inalala. Sasa hapo ukifunga pampu mpya unaweza kuona mshale umepanda kidogo ukafurahi, ila beringi ziko vilevile na hela imeshakwenda.

Anza na geji. Ile ya kwenye dashibodi ya trekta ya miaka ya 1960 au 1970 mi siiamini hata siku moja, na kama imewekewa taa ya sensa ndo kabisa. Fungua pale sensa au kimrija cha geji kinapoingia kwenye bloku, funga geji ya kawaida ya mshale ile inayosoma psi, yaani kipimo cha presha, mafundi wengi wanayo. Halafu usipime injini ikiwa ya baridi! Ifanyishe kazi mpaka ipate moto vizuri ndo usome. Perkins wenyewe kwa hizi injini wanataka angalau 30 psi ikiwa ya moto na mzunguko uko juu. Kwenye sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa, ikiwa ya moto ukaona 10 au 15 kwa injini mzee, mi silii, bora ukikanyaga ipande.

Hapo pa moto na baridi ndo watu wengi wanapigwa. Unaenda kununua trekta Njombe au Uyole asubuhi ya mwezi wa sita, baridi kali, oili nzito, geji inasimama 50 safi kabisa, unalipa. Ukiishusha Usangu kuvuruga majaruba saa nane mchana jua linawaka mshale unalala chini. Trekta ni ileile na beringi ni zilezile. Kwahiyo ukienda kununua mwambie muuzaji akusubiri, lima nayo hata robo heka, kama hataki basi rudi zako nyumbani.

Ukishajua geji inasema kweli, chomoa dipstiki. Oili pungufu, ongeza. Lakini kama oili IMEONGEZEKA na we hujaweka, inuse na uisugue vidoleni, ukisikia dizeli basi nenda kwenye fidi pampu, ile ndogo iliyofungwa ubavuni mwa bloku, mpira wake wa ndani ukichanika dizeli inamwagikia moja kwa moja kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini, oili inakuwa nyepesi na presha inaondoka. Hii ni bei ndogo sana kuitengeneza na nimeona watu wanashusha injini nzima kwa ajili yake. Ikiwa na rangi ya maziwa ni maji yameingia, usiiwashe tena, hayo ni mambo ya gasketi ya silinda hedi au zaidi.

Mwaga oili ya zamani, weka ya 15W-40 ya duka unaloliamini na filta mpya. Oili feki zipo, tusidanganyane, dumu linaandikwa vizuri na ndani ni oili chafu iliyochujwa.

Bado iko chini? Sasa ndo unashusha sampu, na kuwa makini, sampu ya trekta ni chuma kizito na trekta nyingi ekseli ya mbele inategemea hapohapo, weka stendi na mbao imara, usitegemee jeki peke yake. Ukishafungua angalia chujio la kunyonyea. Mara nyingi utakuta tope jeusi na vipande vya silikoni, kuna mafundi wanapaka silikoni kwenye gasketi mpaka inajaa ndani, ikikatika inakwenda kuziba pale. Angalia na bomba lake kama lina ufa au limelegea maana pampu ikivuta hewa presha inacheza cheza.

Halafu rilifu valvu, ile inayoachia oili presha ikizidi. Kuna ujanja wa kuweka washa, kile kibati cha duara chenye tundu, chini ya springi yake ili presha ipande, utauona kila gereji. Fikiria kidogo, ile valvu inafunguka presha ikiwa juu, kwenye 50 na kuendelea, sasa kama geji yako inasoma 15 valvu ilishajifunga zamani, hiyo washa inasaidia nini? Inasaidia tu kama springi imechoka sana au imekatika, na hapo dawa ni springi mpya. Cha maana pale ni kuitoa, kuisafisha, na kuona kama haijakwama wazi na uchafu.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Sampu ikiwa chini, chukua kamtungi ka chuma kazima kenye valvu ya tairi, jaza oili nusu, unganisha na mpira kwenye lile tundu la geji, peleka upepo wa kama 30 au 40 psi usizidishe, halafu lala chini uangalie. Beringi nzima inadondosha matone taratibu. Iliyolika inamwaga mchirizi. Zungusha krenki kidogo kidogo uangalie tena, na usisahau kufungua kava la juu, shafti ya roka, zile zinazokandamiza valvu, ikilika nayo inamwaga sana na hakuna anayeitazama. Kwa namna hiyo unajua mgonjwa ni nani kabla hujanunua hata spea moja.

Ukifungua beringi ukaona ule utando wa kijivu wa juu umekwisha na rangi ya shaba imetokea, imekwisha hiyo. Usinunue mpya kwa kukisia. Geuza mgongo wa ile ya zamani, imeandikwa STD, yaani saizi ya kiwandani, au 010, 020, 030 za krenki iliyosagwa, maana krenki inaweza kuwa ilishasagwa. Ipeleke krenki ipimwe kwa maikromita, ikiwa na uduara wake mzima unafunga saizi ileile, ikiwa imekuwa yai inasagwa saizi inayofuata. Ikirudi toka kusagwa safisha matundu yake yote ya oili, yale machenga ya jiwe yanaua beringi mpya siku hiyohiyo. Na funga kwa toki renchi jamani, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, mambo ya "nimekaza kwa mkono naijua" tuwaachie wa baiskeli.

Ya kumimina oili nzito, SAE 50, au dawa za kwenye kopo ili presha ipande, sikukatazi kama umebakiza heka chache za mteja. Ila usiiuze hiyo trekta ikiwa hivo, ni dhambi.

Siku ya kuwasha jaza filta oili kabla ya kuifunga, vuta kizimio, ile waya ya kuzimia injini, piga stata vipindi vifupi vifupi mpaka mshale wa geji uinuke, ndo uachie kizimio iwake. Ile oili ya kwanza imwage mapema na filta yake, usisubiri msimu uishe.