Kabini na bodi ya pikapu zipulizwe siku moja

Pikapu yangu ya kwanza ya plastiki, modeli ndogo ya kuunganisha mwenyewe kutoka kwenye seti, bado iko kabatini, na kila ninayemwonyesha ananiuliza: hizi ni gari mbili umeunganisha? Kabini ni ya bluu. Bodi ya nyuma nayo ni ya bluu, tena ya kopo lilelile. Shida ni kwamba kabini niliipuliza Jumamosi ikiwa imesimama, bodi nikaipuliza wiki iliyofuata ikiwa imelala ubavu.

Rangi ya metaliki ina chembechembe zinazong'aa. Jinsi zinavyolala hutegemea umepulizia kutoka upande gani, umbali gani, na rangi ilifika pale ikiwa mbichi kiasi gani. Zikilala vingine, mwanga unarudi vingine, na bluu moja inakuwa bluu mbili. Gari la saluni halikuumbui hivi kwa sababu bodi yake ni kipande kimoja. Pikapu imekatwa katikati, na jicho la mtu linakwenda palepale kwenye mwanya.

Siku hizi nachukua kipande cha ubao, nabandika juu yake kabini, bodi, boneti na kifuniko cha nyuma kwa mkao uleule vitakaokuwa nao kwenye gari, kisha napuliza vyote kwa pamoja, kutoka ncha moja hadi nyingine bila kusimamisha mkono. Mapito membamba matatu au manne. Pito moja zito litajaza mistari ya milango na hutaiona tena. Na kama plastiki ya seti yako ni nyekundu na unataka rangi nyeupe, usiharakishe: wekundu hupenda kupenya na kuifanya nyeupe iwe ya waridi. Praima (rangi ya chini ya kushikia) kwanza, ikauke, uone.

Lakini kabla hujagusa kopo la rangi, malizana na urefu wa gari kutoka chini. Pikapu iliyofanyiwa ufundi uzuri wake uko kwenye kushushwa, na hapa ndipo hesabu ndogo inakuokoa. Seti nyingi za pikapu za Kimarekani, Chevrolet C-10 kwa mfano, ni za skeli ya 1:25. Maana yake milimita moja mezani ni sentimita mbili na nusu barabarani. Ukikata milimita nne umeishusha gari sentimita kumi! Mimi nilikata sita kwa tamaa. Ekseli ya nyuma ikagota kwenye chesi, sakafu ya bodi ikapanda, na tairi za mbele zikajibana kwenye madigadi. Dawa yake ni ileile wanayotumia mafundi wa magari ya kweli: unachonga nusu mwezi kwenye chesi pale ekseli inapopita, halafu unainua sakafu ya bodi kidogo. Inawezekana, ila si kazi ya kufanya juu ya rangi iliyokwisha kung'arishwa.

Kwa hiyo unganisha gari zima kwa tepu ya karatasi, bila gundi, tairi zikiwemo. Lisukume mezani. Pitisha ukanda wa karatasi kati ya tairi na digadi. Kama karatasi inapita kwa shida leo, baada ya praima, rangi na vanishi haitapita kabisa, maana rangi nayo ina unene.

Mengine nayasema haraka. Vipande osha kwa maji ya sabuni, vina mafuta ya kiwandani. Sehemu ya kromu inayoshika gundi ikwangue mpaka uone plastiki, la sivyo bampa litaanguka na ngozi yake. Vioo usiviguse na supagluu, mvuke wake huacha ukungu mweupe. Gundi nyeupe ya maji inatosha. Kujua kama rangi imekauka, inuse. Ikiwa bado inanuka, iache. (Nyumbani walishazoea kuniona nanusa boneti.)

Bodi ya nyuma ndiyo huwa ya mwisho kugundishwa. Kwa wakati huo kabini imeshakaa kwenye chesi, na kinachobaki ni kuhakikisha mwanya kati yake na bodi una upana mmoja juu mpaka chini. Napima kwa kipande cha kadi ngumu: kikiteleza juu kikakwama chini, bodi imeinama. Gundi ya plastiki haishiki papo hapo, kwa hiyo unazo dakika chache za kuisogeza kwa kucha, kuikagua kwa ubavu, na kuisogeza tena.