Sikusoma Sayansi, na Nimeingia Kwenye Sheria ya Teknolojia Hivyo Hivyo

Msomaji mmoja, wakili aliyeapishwa si muda mrefu, ameniandikia ujumbe mrefu. Anataka kuingia kwenye sheria ya miliki bunifu na teknolojia, lakini ofisini kwake wamemwambia kwamba asiye na shahada ya uhandisi au kemia asijisumbue. Nilicheka, kisha nikakasirika. Maneno hayo nayajua. Niliambiwa yale yale zamani, na aliyeniambia ndiye aliyekuwa akinilipa mshahara.

Swali lenyewe nilimalize kwanza. Shahada ya sayansi inatakiwa hasa kwenye kazi moja, nayo ni kuandaa na kusimamia maombi ya hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Marekani, ofisi ya hataza kwa kawaida haikuruhusu kuwawakilisha wavumbuzi mbele yake kama huna msingi wa sayansi au uhandisi, hata uwe wakili mwenye mvi. Ofisi ya Hataza ya Ulaya nayo ina masharti ya namna hiyo, na kule wakala wa hataza si lazima awe mwanasheria kabisa. Basi. Alama za biashara, hakimiliki, leseni za programu, majina ya kikoa, siri za biashara, ulinzi wa data binafsi: kote huko hakuna atakayekuuliza ulipata alama gani kwenye fizikia. Anayekuambia vinginevyo ama hajui, ama anajua na hataki uingie.

Sasa yangu. Nilikuwa wakili mdogo wa madeni na migogoro ya ardhi kwenye ofisi ambayo siitaji. Wakaja vijana wenye kampuni changa. Programu yao ilikuwa imepata mnunuzi, wakawa wanahitaji mtu wa kukagua mkataba. Malipo yalikuwa kidogo. Wakubwa wakatazamana, mmoja akasema hayo ni mambo ya watoto na michezo yao ya kompyuta, na jalada likatua mezani kwangu.

Mkataba niliusoma, lakini nilihisi tatizo haliko mle. Nikaenda kukaa na kijana aliyekuwa akiongoza uandishi wa programu, nikamwomba anionyeshe msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe yanayounda programu, sehemu kwa sehemu, na kila sehemu aniambie nani aliiandika. Alinishangaa. Mawakili, alisema, huwa wanataka karatasi tu. Tulipofika kwenye sehemu ya malipo akataja jina nisilolijua. Alikuwa mtu wa kujitegemea, akafanya kazi, akalipwa, akashukuriwa, akaondoka. Hakuna alichosaini.

Wakili msomi unayesoma hapa umeshaliona tatizo. Katika nchi nyingi, kazi anayoifanya mwajiriwa kama sehemu ya majukumu yake ni ya mwajiri. Mtu wa kujitegemea habanwi na kanuni hiyo. Kwa kawaida hakimiliki hubaki kwake mpaka aihamishe kwa maandishi, na kumlipa peke yake hakuhamishi kitu. Vijana wangu walikuwa wanauza nyumba ambayo chumba kimoja ni cha mtu mwingine.

Halikuwa hilo tu. Ndani ya programu kulikuwa na kipande kilichochukuliwa mtandaoni chini ya GPL, leseni ya programu huria. Ukisambaza programu iliyojengwa juu ya kipande kama hicho, leseni inakudai uwape wanaoipokea msimbo chanzo kwa masharti yale yale. Mnunuzi alitaka msimbo ubaki siri yake. Tukamtafuta yule mtu wa kujitegemea, akalipwa nyongeza, akasaini hati ya kuhamisha haki. Kile kipande kikaondolewa, kikawekwa kingine chenye leseni ya MIT, ambayo haidai mengi zaidi ya kubakiza tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yenyewe. Biashara ikafanyika.

Siku ya kusaini, yule yule wa michezo ya watoto alikaa kiti cha mbele akiwaeleza wageni habari za GPL, maneno aliyoyatoa kwenye taarifa yangu neno kwa neno. Mimi niliambiwa nishughulikie nakala. Watu huniambia nisamehe. Nimesamehe, ila hadi leo ninaikumbuka rangi ya tai yake.

Miaka iliyofuata siisimulii. Ilikuwa ya maombi ya alama za biashara, kupanga bidhaa na huduma za wateja kwenye madaraja 45 ya Nice, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa na huduma za alama za biashara, na kujibu barua za pingamizi. Kazi kavu, lakini ililipa kodi ya ofisi yangu mwenyewe. Leo ile ofisi ya zamani hunipelekea wateja. Ndiyo, nalisema kwa majivuno.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kaa na wanaotengeneza. Katika kesi ya Oracle dhidi ya Google, kuhusu Google kutumia msimbo wa Java kwenye Android, jaji William Alsup aliyeisikiliza mwanzo alikuwa mtu wa kuandika programu. Mwaka 2012 mawakili wa Oracle walipokuza thamani ya mistari michache ya msimbo, aliwaambia kwamba yeye mwenyewe ameshaandika vitu kama vile mara nyingi. Hebu fikiria uko mbele ya jaji wa namna hiyo na ulichokariri ni vifungu tu. Kesi ile ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ikaamuliwa mwaka 2021 kwa upande wa Google kwa hoja ya matumizi ya haki (fair use), yaani matumizi yanayoruhusiwa bila idhini ya mwenye hakimiliki. Isomeni, na maoni ya majaji wawili waliopinga msiyaruke.

La pili ni tarehe. Chini ya Mkataba wa Paris wa 1883, aliyeomba hataza nchi moja ana miezi 12 ya kuomba kwingine huku akihesabiwa kwa tarehe yake ya kwanza. Kwa alama za biashara ni miezi 6. Na mvumbuzi anayetangaza uvumbuzi wake kabla ya kuomba, katika nchi nyingi anaua upya wa uvumbuzi wake mwenyewe, na hataza hutolewa kwa kitu kipya tu. Nimewahi kupokea mtafiti aliyekuja akiwa na furaha kwamba mhadhara wake kwenye kongamano ulishangiliwa sana. Ilibidi nimuulize mara mbili kama kweli hajaomba kokote. Wakili wa madeni anayejua kuhesabu siku za ukomo wa madai tayari ana nusu ya nidhamu inayotakiwa hapa, na hilo hakuna aliyeniambia wakati ule.

La tatu, someni, jamani. Shirika la Miliki Bunifu Duniani lina kozi ya utangulizi kwa njia ya mtandao, DL-101, bila malipo. Vijana wanalalamika kwamba hawapewi nafasi na kozi ya bure hawajaigusa! Nafasi haitangazwi. Iko kwenye jalada ambalo wakubwa wako wanaliona dogo.

Na wewe uliyeniandikia, usiache kazi bado. Waulize wateja wa ofisi yenu nani aliwatengenezea tovuti na nembo, na kama kuna hati aliyosaini. Wengi hawatakuwa nayo. Waandikie hati hiyo.