Upepo wa Mbele, Jengo Layumba Ubavuni

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Tumehamia ghorofa ya 52 ya jengo jembamba la makazi. Juzi upepo ulivuma usiku kucha. Kuta zililia, maji ya bafuni yakawa yanapiga kingo, na mke wangu akashikwa na kichefuchefu. Ajabu ni kwamba upepo ulipiga madirisha ya mbele, lakini taa ya sebuleni iliyumba kulia na kushoto. Je, jengo letu ni dhaifu?

JIBU: Marahaba. Poleni sana, wewe na mwenzako. Hilo la kulia na kushoto ndilo kiini cha mambo, kwa hiyo nianze nalo.

Upepo ukigonga jengo hugawanyika pembeni, na nyuma yake huacha visulisuli: kimoja huchomoka upande wa kulia, kingine wa kushoto, kwa zamu. Kila kimoja kikichomoka, jengo huvutwa kidogo ubavuni. Sasa kila jengo lina mwendo wake wa asili wa kuyumba. Zamu za visulisuli zikiangukia kwenye mwendo huo, nguvu ndogo hurudi kila mara kwa wakati ufaao, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea, na myumbo hukua.

Chukua jengo la mraba lenye upana wa mita 20, linaloyumba kwenda na kurudi kwa sekunde 8. Upepo wa kilomita 75 hivi kwa saa unatosha kulifikisha hapo. Lipe upana wa mita 40 bila kubadili muda huo, utahitaji upepo wa kilomita 150. Ndiyo maana sisi wahandisi wembamba hututia wasiwasi kuliko urefu. Kule New York, jengo la 111 West 57th Street lina kimo cha mita 435 juu ya upana wa mita 18 hivi. Kimo hicho ni mara 24 ya upana!

Udhaifu? Kuyumba peke yake si dalili yake. Kwa kawaida tunaruhusu kilele kisogee hadi sehemu moja ya 500 ya kimo, yaani nusu mita kwa jengo la mita 250. Mwili nao hauhisi umbali bali mabadiliko ya mwendo. Sentimita 10 tu kila upande, kwa sekunde zile 8, baadhi ya watu watazihisi na wengine watalala fofofo. Mwenzako hakuwa anajitia hofu. Mlio wa kuta mara nyingi ni kuta nyepesi za ndani zinazosuguana. Taa yako ilisema kweli kuhusu upande, ila usiitumie kupima ukubwa wa myumbo, maana nayo ina mwendo wake.

Dawa zipo. Jengo la Taipei 101 kule Taiwan lilikatwa pembe ngazi ngazi na nguvu ya upepo ikapungua kwa robo hivi. Juu yake pia limening'inizwa tufe la tani 660 linalopunguza myumbo. Jengo la 432 Park Avenue, New York, limeachiwa ghorofa wazi ili upepo upenye. Burj Khalifa la Dubai hubadilisha umbo kadiri linavyopanda, hivyo visulisuli vya chini na vya juu havipatani. Hii ya mwisho ndiyo niipendayo zaidi, kwa sababu umbo haliharibiki wala halihitaji fundi.

Kinachoniudhi ni watu kuuziwa ghorofa za juu bila kuambiwa lolote kuhusu haya. Mwombeni msimamizi ripoti ya majaribio ya handaki la upepo, yaani chumba kirefu ambamo mfano mdogo wa jengo hupulizwa upepo. Muulizeni kama jengo lina uzito wa kutuliza myumbo, na lini ulikaguliwa mara ya mwisho. Mkiona vioo vimepasuka, milango imekataa kufunga hata baada ya upepo kutulia, au myumbo unazidi mwaka hadi mwaka kwa upepo uleule, mwiteni mhandisi wa miundo mara moja.