Uliza Mwalimu: Vita vya Angola vilifikaje Makambako?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Babu yangu alifanya kazi TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na kila tukiota moto jioni husema vita vya Angola ndivyo vilivyompa ajira. Ramani naijua, Angola iko kule Atlantiki. Sasa viliwahusu nini Wacuba, Wamarekani na Makaburu, hata vikatufikia huku kwenye baridi?
Msomaji, Makambako

JIBU: Marahaba mwanangu. Babu yako anajua anachosema. Mwaka 1976 nilikuwa darasa la tano Mbeya. Asubuhi moja treni ya mizigo kutoka Zambia ilisimama stesheni, mabehewa ya wazi yamejaa vipande vya shaba. Nikanyoosha mkono nikakigusa kimoja. Kilikuwa cha baridi mno, kina umande, na nilipokisukuma hakikutikisika hata kidogo. Mlinzi akanifukuza. Nilikuja kujua ukubwani kwamba mwaka mmoja tu nyuma mzigo kama ule ulikuwa ukipita Angola, kwa reli ya Benguela, hadi bandari ya Lobito. Mpaka wa Zambia na Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ulikuwa umefungwa tangu 1973. Agosti 1975 mapigano yakaikata reli ya Benguela, shaba ikageukia kwetu, kwenye reli ya kilomita 1,860 ambayo ilikuwa hata haijakabidhiwa rasmi.

Sasa hao wageni. Karibu kila mmoja aliingia akiwa ameshikwa mkono na mwenyeji. Waangola walianza kupigana na Wareno mwaka 1961, lakini kwa vyama visivyoaminiana: MPLA ya Agostinho Neto, FNLA ya Holden Roberto, kisha UNITA ya Jonas Savimbi. Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno, wamechoshwa na vita vya makoloni, wakaipindua serikali yao Lisbon. Januari 1975, mjini Alvor, vyama vyote vitatu vikatia saini: serikali ya pamoja kwanza, uhuru tarehe 11 Novemba. Miezi michache tu wakawa wanarushiana risasi mitaani Luanda, na kila chama kikakimbilia kwa rafiki yake. Roberto alikuwa na Mobutu wa Zaire (Kongo ya leo), aliyempa hadi askari, na Julai Marekani ikaanza kumwaga fedha za siri kupitia shirika lake la ujasusi, CIA. Neto alikuwa na Moscow na Havana. Savimbi akapokea msaada wa Makaburu wa Afrika Kusini, ambao Oktoba walivuka na jeshi lao kutoka Namibia waliyokuwa wakiitawala. Novemba Fidel Castro wa Cuba akaagiza vikosi vyake, na mapema 1976 Wacuba walikuwa zaidi ya 30,000.

Wanafunzi wangu walikuwa wakikwama kwa Wachina. Wachina waliolaza mataruma hapo kwenu Makambako, serikali yao hiyohiyo ilipeleka wakufunzi kwa FNLA, upande mmoja na Wamarekani! Ni kwa sababu ya ugomvi wao na Warusi. Kaunda naye, rais wa Zambia na rafiki mkubwa wa Nyerere, alimwelekea Savimbi, maana alihitaji ile reli ya Benguela ipitike. Simlaumu sana. Nchi yake haina bahari, na shaba ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Kilichogeuza mambo ni Makaburu. Walipojulikana wamo ndani, Nigeria ikaitambua MPLA, na wengine wakafuata. Hata hivyo, Januari 1976 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walipokutana Addis Ababa kuamua kama waitambue MPLA, waligawanyika 22 kwa 22. Nililifundisha jambo hilo miaka mingi na bado linaniuma: nusu ya Afrika haikuweza kusema kwa sauti moja hata jeshi la ubaguzi lilipokuwa limeingia nchi iliyopata uhuru juzi.

Nasi tusijitoe. Pale Mgagao, mkoani Iringa, wapigania uhuru wa Zimbabwe walikuwa wakifunzwa na Wachina. Kwa Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Rhodesia, taifa la nje lililojiingiza ni sisi. Mimi nasema tulifanya haki, na ningependa tufanye tena.

Wacuba waliondoka kwa mkataba wa Desemba 1988, ulioifungulia pia Namibia njia ya uhuru wake wa 1990. Wa mwisho walipanda meli na ndege mwaka 1991.

Nisalimie babu. Muulize aliajiriwa mwezi gani. Akikwambia ni baada ya Agosti 1975, mwandikie yote kwenye daftari, na jina la stesheni aliyoanzia.