Mali za Kiongozi na Jogoo wa Zahanati: Maswali Yenu Kuhusu Maadili

TAKUKURU ya kupambana na rushwa ipo, mahakama zipo. Kanuni za maadili zinaongeza nini? (Msomaji, Tabata)

Sheria ya rushwa humsaka aliyekwisha kula. Maadili huanza mapema zaidi, kabla hata senti haijaibwa. Diwani yuko kwenye kikao cha zabuni, na kampuni ya mkewe ni mmoja wa waombaji. Pengine ndiyo bora kuliko zote. Hata hivyo anatakiwa aseme, atoke nje, wenzake waamue. Ndiyo maana Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake, ya mwenzi wake na ya watoto wadogo: anapoingia madarakani, kila ifikapo 31 Desemba, na anapoondoka.

Baba anasema zamani kiongozi alikatazwa hata kupangisha nyumba. Anatia chumvi? (Msomaji, Morogoro)

Hatii hata chembe. Azimio la Arusha la 1967 lilitaka kiongozi wa TANU au wa Serikali asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Walioliandika walitujua vizuri: wakaeleza kwamba kiongozi ni pamoja na mkewe au mumewe.

Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza maelfu ya wanawake TANU wakati wa kudai uhuru, alikuwa na nyumba za kupangisha. Sharti hilo alilipinga, na mwaka huohuo akaachia nafasi yake katika Kamati Kuu. Wapo wanaomlaumu mpaka leo. Mimi namheshimu kuliko yeyote aliyepiga makofi ukumbini, kisha akaenda kutafuta jina la shemeji la kuandikia hati.

Februari 1991 CCM ilikutana Zanzibar ikayalegeza masharti hayo. Sheria ya 1995 ikaja na mwelekeo mwingine kabisa: miliki, lakini sema.

Naweza kuona fomu ya mali ya mbunge wangu? (Msomaji, Mwanza)

Unaweza kuomba Sekretarieti ya Maadili, ofisi inayopokea fomu hizo, kwa masharti. Kuyatangaza uliyoyaona ni habari nyingine. Hapa sheria inanikera, maana anayejua lile ghorofa la Mbezi ni la nani ni jirani, si karani wa masijala.

Mimi ni muuguzi. Mama niliyemzalisha kaniletea jogoo. Nimrudishe? (Msomaji, Singida)

Mchinje, dada. Hukumwomba, na amekuja huduma ikiwa imekwisha. Ila mganga mfawidhi ajue. Siku jogoo akitangulia kufika kabla ya uchungu, au kila mzazi akianza kuja na wake, hiyo si shukrani tena, ni bei.

Kiongozi akivunja maadili, anafanywa nini? (Msomaji, Lindi)

Anaitwa mbele ya Baraza la Maadili, chombo kinachosikiliza malalamiko dhidi ya viongozi. Mwanzoni mwa 2015 tuliwaona vigogo waliopata mgao wa fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, ile kashfa ya fedha za umeme, wakihojiwa hadharani, na magazeti yaliuzika. Adhabu ni kuanzia onyo, kushushwa cheo, kusimamishwa, hadi kufukuzwa. Lakini Baraza lenyewe halimfukuzi mtu. Linapeleka mapendekezo kwa wenye mamlaka, na huko faili linaweza kukaa muda wowote litakaopenda.